Marehemu wa Kwenye Fomu

Ujumbe uliingia saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa bado na glavu mikononi. Binti yangu alisimama mlangoni mwa maabara, mahali ambapo asiye mfanyakazi haruhusiwi, akanisomea kutoka kwenye simu yake: "Ombi lako la ufadhili halijakamilika. Ambatisha cheti cha kifo cha baba kabla ya saa kumi jioni leo. Ombi lisilokamilika halitashughulikiwa."

Nikarudisha chupa ya damu mahali pake. Baba yake alikuwa hai. Alikuwa anatengeneza friji upande wa pili wa mji.

"Mama," akasema, "sasa maiti tunaipata wapi?"

Nyumbani tunamwita Injinia, tangu alipoifungua redio ya mjomba wake akiwa darasa la tatu na kuirudisha ikiwa inaongea. Sasa alikuwa amepata nafasi ya uhandisi kwelikweli, chuo kikuu, na barua ilisema wazi kwamba asiyekuwa na uhakika wa ada kufikia siku ya kufungua chuo, nafasi yake anapewa mwingine. Mshahara wangu wa fundi wa maabara usingefika hata nusu ya mwaka wa kwanza. Bila ufadhili, chuo hakuna.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka alioanza shule, baba yake alikuwa na wiki tatu tangu ahamie kwa mwanamke mwingine, na karani wa shule akaniambia bila sahihi ya baba fomu haipokelewi. Nilikuwa nachelewa zamu. Nikaandika "Marehemu". Karani akanipa pole, akagonga mhuri, nikaondoka. Mwaka uliofuata nikaandika tena. Fomu ya bweni, fomu ya mtihani, fomu ya ziara ya masomo, zote hivyo hivyo. Kila mwaka nilimzika upya na hakuna aliyewahi kuniuliza kaburi liko wapi. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku hiyo, Injinia alipokuwa anajaza fomu ya chuo huku mimi napiga pasi, alipofika kwenye kisanduku cha baba nilimwambia aweke kama kawaida. Akaweka. Na mimi ndiye yule ambaye kazini, mtu akibandika jina la mgonjwa huyu kwenye damu ya yule, simsemeshi mara mbili. Namwandikia barua ya onyo.

Niliomba ruhusa, tukavuka barabara hadi steshonari. Mwenye steshonari ni mtu mzima, wateja wanamwita Fotokopi. Alinyoosha shingo akausoma ujumbe wetu bila kualikwa.

"Dada yangu, mbona unahangaika? Nipe jina la marehemu na tarehe. Dakika ishirini cheti unacho, na mhuri juu."

"Mhuri wa nani?"

"Wa serikali. Serikali gani, hilo usiniulize."

Sitaki kujisafisha hapa: nilitamani. Uongo wenyewe ulikuwa umeshajengwa miaka kumi na mitatu, ulikuwa umebaki kuezekwa tu. Injinia alikuwa ananitazama. Nikachukua simu yake nikaisoma ile fomu mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Mwombaji atakayebainika kutoa taarifa au nyaraka za uongo atafutiwa udahili. Mwombaji, si mama yake.

"Nichapishie fomu ya marekebisho," nikasema.

"Haya. Ila ukweli una nakala nne," Fotokopi akasema, akiwasha mashine. "Uongo ungekuwa karatasi moja tu."

Fomu ilitaka sahihi ya baba, nakala ya kitambulisho chake, uthibitisho wa kipato chake, na kiapo mbele ya wakili kueleza kosa lilitokeaje. Tulimpigia baba yake simu mara tano. Hakupokea. Tukapanda gari.

Tulifika karakana yake saa sita na robo. Friji zilikuwa zimepangwa uani, milango imeachama, na mteja mmoja amekaa kwenye stuli anasubiri yake. Baba Injinia alikuwa amepiga magoti anaunga bomba la shaba kwa moto wa gesi. Alituona, akauzima, akainuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Injinia wangu." Halafu akanigeukia. Tulikuwa hatujaonana miaka minne. "Karibu, mama Injinia."

Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Nikampa karatasi. Alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wanasema mimi ni marehemu."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza."

"Nilikufa na nini?"

"Hawakuuliza."

Mteja kwenye stuli aliangua kicheko, kisha akaona nyuso zetu, akainamia simu yake.

Baba Injinia hakucheka. "Alipokuwa kidato cha pili nilikwenda shuleni kwao siku ya wazazi," akasema. "Nimenyoa, nimechomekea shati. Mwalimu wa zamu akafungua daftari, akaniambia baba wa mtoto huyu ameshafariki, wewe ni nani? Mlinzi akanishika mkono mpaka nje ya geti, watu wanatazama. Nikajua umewapa amri. Nikasema, basi, mama mtu hataki, nisilazimishe."

"Sikutoa amri yoyote," nikasema. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.

"Ulikuja?" Injinia akamuuliza.

"Nilikuja, mwanangu."

"Siku ile nilishinda bwenini. Mama alikuwa zamu, nikajua sina mgeni." Alisema hivyo akiwa ameangalia chini, si kwangu wala kwake.

Nilikuwa na mengi ya kusema na saa ya ukutani ilikuwa saa sita na nusu. "Mtanilaumu baadaye, sihami mji," nikasema. "Ofisi inafunga saa kumi. Unasaini au husaini?"

"Hujabadilika hata kidogo."

"Sina muda wa kubadilika."

Akakunja zile karatasi. "Nikisaini, kipato changu kitahesabiwa."

"Kitahesabiwa."

"Na mtoto atapewa kidogo kuliko angekuwa yatima."

"Ndiyo."

"Yaani nikiwa hai nawatia hasara." Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, nikadhani ndiyo tumekwama. Halafu akamwambia yule mteja arudi kesho, akachukua kitambulisho na daftari lake la mapato. "Twende kwa huyo wakili. Nataka nikusikie ukiapa."

Kwa wakili, mpiga chapa alikuwa amekwenda kula. Tulikaa kwenye benchi watu watatu, Injinia katikati, mpaka saa nane na robo. Mpiga chapa aliporudi nilimtajia maneno yangu moja kwa moja, akayapiga, wakili akaanza kunisomea: mimi, mama mzazi, niliandika kwa kujua kwamba baba amefariki ilhali yu hai, mwanangu alijaza fomu kwa kufuata maelekezo yangu, naye hakujua kwamba taarifa hiyo si ya kweli.

"Ni kweli hakujua?" wakili akauliza, mhuri tayari mkononi.

"Hakujua."

"Nilijua," Injinia akasema.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta.

"Anayeapa ni mama yako, si wewe," wakili akamwambia.

"Ndiyo. Na baba naongea naye kwenye simu kila Jumapili. Wakiangalia hata simu yangu watajua." Akanigeukia. "Mama, nimechoka na hii hadithi. Kama wananifuta, wanifute."

Saa nane na dakika arobaini. Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikimjibia maswali huyu mtoto, na kila jibu nililiona limempunguzia shida. Baba yake alikuwa anasoma vyeti vya wakili ukutani, kama mtu aliyeambiwa asisikilize.

"Rekebisha," nikamwambia mpiga chapa. "Andika: alijua. Alifanya nilivyomwambia kwa sababu nyumbani kwangu mtu habishi."

Hilo ndilo nililoapa.

Tuliingia ofisi ya ufadhili saa tisa na dakika hamsini. Afisa, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alikuwa anakusanya mafaili. Alisoma kiapo mara mbili. Kidole chake kilisimama kwenye neno "alijua".

"Huyu mwombaji alijua?"

"Alijua," nikasema. Injinia akaitikia kwa kichwa.

Akachukua karatasi zote, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Kupitia kioo chenye ukungu nilimwona amesimama mbele ya mtu aliyekaa. Saa kumi kasoro dakika tatu. Saa kumi kasoro moja. Saa kumi ikapita, na mlinzi akaanza kufunga madirisha ya ukumbini. Baba Injinia alikuwa amekishika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

Afisa akatoka. "Mmejisahihisha wenyewe kabla dirisha la maombi halijafungwa. Tungebaini sisi, saa hizi tusingekuwa tunaongea." Akaandika namba ya kumbukumbu kwenye kikaratasi, akampa Injinia, si mimi. "Ombi limepokelewa. Majibu wiki tatu."

Nje nilisema tuwahi gari. Injinia akasema nitangulie, yeye na baba yake watatembea kidogo. Anataka kuisikia habari ya siku ile ya wazazi kuanzia mwanzo. Nikatangulia.

Majibu yalikuja: asilimia sitini ya ada. Mwenzangu kazini, ambaye mwanawe ni yatima kweli, alipata tisini. Injinia alisoma barua mezani, akachora mstari chini ya neno "wazazi", palipoandikwa kwamba kiasi kinachobaki kitalipwa na hao, akanisogezea. Nikaibeba ilivyo, na Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nikapanda gari mpaka karakana.