Kamba ya Honi

Baba yetu alitia makaa kwenye injini za reli mpaka zile za mvuke zilipoachwa. Baadaye akapata kazi kwenye bustani ya bembea, akiendesha garimoshi dogo la zamani la kuzungusha watoto. Kila Idd watoto wa Kaloleni tulikwenda kulipanda na nguo zetu mpya. Kaka yangu Hanif alikaa mbele na baba, akivuta kamba ya honi. Mimi behewa la mwisho, moshi wote wangu, gauni limejaa masizi.

"Baba, na mimi nivute."

"Msichana hakai kwa injini, Mishi."

Hanif anageuka, ananitolea ulimi.

Baba alishakwenda, na mume wangu pia, Mungu awarehemu. Garimoshi lilibaki. Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, Hanif alinipigia simu. "Dereva wa sasa rafiki yangu. Idd hii utakaa mbele wewe na mjukuu wako. Mvute honi mpaka mchoke."

Mwezi mzima Yumna hakunipa nafasi. "Nyanya, kwani inalia aje?"

"Utaisikia mwenyewe."

Jioni ya ishirini na tisa nilisimama uani nikitazama mbingu. Mawingu matupu. Hanif akapiga.

"Mwezi umeonekana Makka! Kesho Idd, njooni."

"Mimi nafuata wa hapa. Kesho nafunga. Tutakuja kesho kutwa."

Akasema tu, "Haya. Inshallah."

Siku ya Idd yetu tukafika bustanini, Yumna na gauni lake la manjano. Reli zilikuwa zimeng'olewa, imebaki kokoto na mafuta meusi.

"Pole, mama," mlinzi akasema. "Limeuzwa chuma chakavu. Jana ndiyo ilikuwa mwisho, na ilitangazwa."

Nikaenda moja kwa moja kwa Hanif. Nilimkuta mezani, anakula.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungefungua saumu? Nakujua wewe na mwezi wako. Nikaona nisikutie majaribuni."

"Hanif, saumu inakataza kula. Ningepanda nimefunga."

Tonge likabaki mkononi mwake.

Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia ile kamba ya honi yenye kishikio cha mbao. Yumna alishaiona. Akaivuta, akangoja, akaivuta tena.

"Nyanya, mbona hailii?"

"Muulize babu yako," nikasema, nikatafuta viatu vyangu.