Ngozi Yangu Yataka Kuhamia kwa Hidaya

Usiku wa kuamkia leo, nimelala zangu kando ya mume wangu, Mzee Shekuwe, niliota niko jikoni nakoroga mafuta ya kupaka ya wateja wangu. Ghafla ngozi yangu ikajivua kama gauni, ikajikunja vizuri, kovu la chanjo la mkono wa kushoto likawa juu kama muhuri. Ikaketi kwenye kigoda.

"Nahama," inasema. "Naenda kwa Hidaya."

Hidaya ni jirani, mteja wangu wa siku zote, mtu wa kung'aa mpaka visigino.

"Na mimi nibaki hivi? Mzee akiamka akaniona nyama tupu, si atanipeleka buchani?"

"Hayo ni yenu wenyewe."

Mara jikoni pamekuwa kwa kadhi. Kadhi mwenyewe ni mwiko wangu wa kukorogea, amejifunga kilemba cha kitambaa cha kuchujia.

"Sema shida yako, mwanangu," anaiambia ngozi.

"Hidaya ngozi yake kavu, anapikiwa nta na mafuta ya nazi. Zuhura, mteja wako mwingine, uso wake wa mafuta, anapewa mshubiri. Mimi napakwa makombo ya sufuria."

Kadhi ananigeukia. "Bibi, ngozi yako ni ya aina gani?"

Nakohoa. Natazama dari. Ngozi za mtaa mzima nazijua, hii sikuwahi kuiuliza.

"Iulize basi, si hii hapa?"

"Eti mwenzangu," naiambia, "wewe wa aina gani?"

Inajikunjua kidogo. Kisha sauti inalegea. "Magotini mkavu, puani mafuta. Na ukinisimanga, nawasha."

Nikaichemshia yake: ufuta, nta kidogo, maji ya waridi. Lakini kwangu mafuta mapya hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio, yakasubiriwa siku nzima. Basi sikio likashuka, likatandika mkeka, likasubiri. Jua likapita mbio, limeshika viatu mkononi. Sikio halikuwasha.

"Haya, nivae," ngozi ikasema, "kabla sijaghairi."

Adhana naisikia, Mzee anajigeuza kitandani. Naivaa harakaharaka, mkono nautumbukiza popote penye tundu.

Nikaamka. Nikajipapasa, niko mzima. Mzee ananikodolea bega.

"Mama Siwema," akasema, "hili kovu la chanjo, miaka yote si lilikuwa kushoto?"

"Lala, baba," nikamwambia, nikavuta kanga hadi shingoni. "Uzee huo."