Nani Avae Alama ya Bonheur

Mwaka 2015, siku kwaya za Wakongomani zilipokutana Columbus, Marekani, mbili zilitokea zimevaa alama moja kifuani: kitambaa cha buluu, mstari wa njano umekikata kwa mshazari. Ya Louisville ilikuwa ndo inapanda kuimba, ya Buffalo ikaingia mlangoni. Watu wakacheka, wakidhani ni kwaya moja imepasuka.

Aganze wa Louisville hakucheka. Alama ile aliibuni kaka yake, Bonheur, kambini Uganda, kwa sindano ya kuazima. Buluu ni ziwa Kivu, njano ni njia waliyopita wakikimbia. Bonheur alifia kambini wiki tatu baada ya Aganze kupanda ndege. Picha yake hakuna, hata moja. Kilichobaki ni ile alama, na Aganze ndiye aliyewashonea wenzake wote, joho kwa joho, kila akitoka shifti.

"Muivue," akasema Liberati, kiongozi wa Buffalo. "Mumeiba."

"Nimeiba ya yaya yangu, kaka yangu wa damu? Weye uko muzima kweli?"

"Yaya yako aliimba na sisi. Weye hata sauti hauna, unalia kama mbuzi ya Noeli."

Ngumi zilikuwa karibu. Mchungaji Enoki, mwenyeji, akawasukuma wote kwenye darasa la watoto. Wakakaa kwenye viti vidogo, magoti yanagusa videvu. Kamau, Mkenya anayesoma sheria hapo Columbus, alikuja kupiga kinanda tu. Akapewa kalamu aandike watakayosema.

"Hii case nayo tumeisoma," Kamau akasema. "England, enzi za mapanga. Wakubwa wawili walikuja vitani na ngao moja. Buluu na mstari wa dhahabu, hivi hivi! Wakashtakiana miaka. Na korti haikuuliza nani anaipenda zaidi. Iliuliza mashahidi: nani mlimwona akiivaa, na wapi?"

"Bon," akasema Enoki. "Nani aliona?"

Akasimama Nabintu wa Buffalo. Aganze alimjua vizuri, ndiye Bonheur alikuwa amuoe.

"Mimi niliona," akasema, macho chini. "Ya kwanza alishonea kwaya yetu, hii ya Buffalo, tukiwa bado kambini. Aliivaa kila siku ya Mungu. Na ya mwisho ni mimi nilimuvalisha. Tulimuzika nayo."

Hilo Aganze hakuwahi kuambiwa. Kwenye simu walisema tu kazikwa vizuri.

Enoki akashusha pumzi. Haki ilikuwa ya Buffalo, kila mtu aliona. Akamuuliza Kamau yule Mwingereza aliyeshindwa walimfanyaje. Kamau akasema walimwambia aizungushie ukingo mweupe.

"Donc, basi, Louisville mutaivaa, lakini muizungushie mpaka mweupe. Watu bajue nyinyi ni jamaa, siyo benyewe."

"Mpaka?" Aganze akainuka, kiti kikaanguka. "Papa mchungaji, mpaka wa Uganda yaya alinivukisha ku mugongo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, muguu umevimba. Leo munauweka kati yangu na yeye?"

Hata Liberati aliangalia viatu vyake. Lakini Enoki hakubadili hukumu.

Basi Aganze akavua joho, akaanza kufumua nyuzi kwa meno. Afadhali kifua kitupu. Nabintu akaokota mkasi wa watoto mezani, akapiga magoti, akamsaidia.

"Aliniulizia?" Aganze akanong'ona. "Kule mwisho?"

Mkasi ukasimama.

"Homa ilimupoteza akili. Mimi hakunijua tena. Kila nikimuletea maji alisukuma kikombe. Anasema, 'Aganze, kunywa weye kwanza.'"

Uzi wa mwisho ukakatika. Aganze akamwekea Nabintu kile kitambaa mkononi, akatoka, akakaa chini kwenye lami katikati ya magari yaliyoegeshwa. Ndani wakaita Louisville. Wenzake wakapanda bila yeye.