Ubao wa Profesa Gundi

"Futa ulichoandika," alisema Ajwang, wala shikamoo ya fundi hakuipokea.

Kashindye alikuwa na misumari mitatu mdomoni na kiatu cha kondakta mapajani. Aliitema misumari kiganjani, akageuka kuutazama ubao nyuma yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika habari za kiboko, za matangazo ya zawadi yanayoingiza virusi kwenye simu, na za mfereji zinamopita meli za dunia nzima. Hakuona cha kufuta.

"Kipi, mama?"

"Cha wiki ile. Cha tiki moja."

"Mbona kilishafutika? Mimi kila asubuhi nafuta."

"Kwenye ubao kimefutika. Kwenye simu ya shemeji yangu Oyoo kipo. Alikipiga picha."

Kashindye alishona viatu nje ya stendi ya Nyamhongolo, ubavuni mwa lango la abiria wa Musoma na Tarime. Shule aliiachia kidato cha pili, lakini udadisi haukumwacha. Redio yake haikuzimwa. Gazeti lililofungiwa maandazi alilikunjua akalisoma mpaka matangazo ya minada, na simu yake yenye kioo kilichopasuka aliiuliza maswali mpaka chaji ikaisha. Yote aliyoyapata aliyamwaga ubaoni kwa chaki, sehemu tatu kila siku: Mnyama, Kompyuta, Dunia. Kando ya ubao lilining'inia buti la mvua lililopoteza mwenzake, na mwenye swali aliliandika kwenye karatasi akalitumbukiza humo. Kesho yake jibu lilikuwa ubaoni. Kwa miaka sita hakuna swali lililolala siku mbili. Wapiga debe walimwita Profesa Gundi. Lilianza kama utani, utani ukaisha, jina likabaki. Na tusifichane, jina lile lilimkaa vizuri.

Hiyo tiki moja aliikumbuka. Swali lilitoka kwa Ngosha, kijana wa bodaboda, aliyetaka kujua kwa nini kila ujumbe anaomtumia Winnie unabaki na tiki moja badala ya mbili. Kashindye alieleza kwamba tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu ya mwenzako. Angeishia hapo angekuwa amesema kweli tupu. Lakini stendi nzima ilijua kwamba Winnie alishamfungia Ngosha asimpate tena, basi fundi akaona aongeze chumvi: "Zikipita wiki mbili, ndugu yangu, usihangaike. Huyo hayupo tena." Jina la Ngosha hakuliandika, kwa kumsitiri. Watu walicheka siku nzima.

Ajwang alifungua pindo la kanga, akatoa simu iliyofungwa kwenye leso. Alikuwa mama mwenye umri wa kuheshimiwa, mjane, muuza dagaa sokoni Buswelu, na mikono yake ilinukia dagaa hata alipovaa nguo za kanisani. Akamwonyesha kioo. Ujumbe ulikuwa umepangana kutoka juu hadi chini, wote wa kwake, na kila mmoja ulikuwa na tiki moja.

"Akelo wangu," alisema. "Wiki ya tano sasa, tangu vita vianze huko anakofanya kazi za ndani."

Kashindye aliinua macho bila kutaka. Juu ya kichwa chake ulipita waya, na kwenye waya vilining'inia viatu visivyofuatwa. Hakuwahi kuuza hata kimoja, ijapokuwa mafundi wenzake walimcheka kwa hilo. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: alichukua kipande cha boksi, akakiandika namba, akakikata katikati kwa kupindapinda. Nusu aliifunga kwenye kiatu, nusu alimpa mwenyewe. Nusu zikikutana zikashikana, kiatu kinatoka.

Viatu vya Akelo vilikuwa pale, vyeusi, vya kamba. Aliviacha miaka miwili iliyopita asubuhi ya safari, basi likipiga honi. "Fundi, nitavichukua nikirudi," alisema, akaichomeka nusu yake ya boksi kwenye pasi ya kusafiria. Fundi alipokuwa akiandika utani wake, viatu vile vilikuwa vimemning'inia utosini.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ule ulikuwa utani wa Ngosha."

"Najua. Nilimwambia Oyoo. Akaniambia Profesa hajawahi kukosea." Ajwang alikaa kwenye benchi la wateja. "Kwetu, mtu akipotelea asikoonekana, tunazika tunda la yago mahali pake. Lile refu, zito. Unalijua?"

"La ule mti wa mwegea."

"Hilo. Tayari amelichuma huko Kisesa. Kesho asubuhi anapanda basi kwenda kwetu Rorya, Jumamosi wanazika. Wakishazika, mwanangu amekufa, hata akinipigia simu Jumapili. Akirudi itabidi wamtakase kama mtu aliyetoka kaburini. Na binti ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma. Wameshamchagulia mahali, nje ya ua."

Sauti yake haikutetemeka. Kashindye aliona ni heri angelia.

"Oyoo lazima apite hapa kesho," Ajwang aliendelea. "Andika kwamba yu hai. Usitaje jina kama hutaki. Andika kitaalamu, unavyoandikaga. Akisoma kwa mkono wako atarudi na tunda lake."

Fundi alichukua chaki. Ilikuwa kazi rahisi, maneno yalishaanza kujipanga kichwani: watafiti wamegundua, uzoefu unaonyesha. Aliishika ile chaki kwa muda, kisha akairudisha kwenye kopo.

"Siwezi, mama. Sijui kama yu hai."

"Na wiki ile ulijua?"

Aliifunga simu kwenye leso, akaenda zake bila kuaga. Kashindye alibaki na kiatu cha kondakta. Alipigilia msumari ukapinda, akaung'oa, akapigilia mwingine, nao ukapinda. Kondakta alipokuja alikikuta kiatu chake kama alivyokiacha.

Mchana kutwa fundi aliiuliza simu yake. Habari za nchi ile zilikuwepo, nyingine zikikanushana, lakini zote zilikubaliana kwa jambo moja, kwamba mtandao ulikuwa umekatwa nchi nzima. Kuhusu binti mmoja wa Buswelu hapakuwa na neno. Jioni alipotia mkono kwenye buti alikuta swali moja tu, la Queen, muuza chai wa jirani: Kamongo ni samaki au ni nyoka? Alishukuru Mungu kupata jambo analolijua.

Ijumaa aliwahi kufika kuliko wauza tiketi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, na sehemu ya Kompyuta akaitanguliza.

"KOMPYUTA. Nilikosea. Tiki moja haisemi mtu yu hai, wala haisemi amekufa. Inasema ujumbe haujafika, basi. Yale ya wiki mbili yalikuwa utani wangu, na ulikuwa utani mbaya.

DUNIA. Vita vinaweza kukata mtandao wa nchi nzima. Hapo mamilioni ya watu wanakuwa na tiki moja kwa pamoja. Wapo waliokufa, na wapo waliokaa ndani wanapika uji.

MNYAMA. Kamongo ni samaki, lakini ana mapafu. Bwawa likikauka anajichimbia kwenye tope, anakaa miezi bila kula. Unaweza kupita juu yake usijue."

Neno "nilikosea" lilivuta watu kuliko habari yoyote aliyowahi kuandika. Wapiga debe walilisoma kwa sauti, wakaitana. "Profesa kaanguka mtihani!" alipaza mmoja. Ngosha, ambaye utani ulikuwa wake, alisimama pembeni bila kucheka.

Oyoo alikuja saa moja na nusu, Ajwang akimfuata nyuma. Alikuwa mzee mrefu aliyevua samaki mpaka magoti yakakataa, na gunia lenye lile tunda alilibeba mikononi, si begani. Baada ya kaka yake kufariki ndiye aliyemlipia Akelo shule. Hilo Kashindye alilijua, kwa hiyo hakuweza kumchukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Oyoo alisoma ubao mzima, midomo ikicheza. Kisha akatoa simu, akaitafuta ile picha, akailinganisha na ubao. "Huu ni mwandiko wako, na huu ni mwandiko wako. Mimi nishike upi?"

"Wa leo, mzee."

"Kesho utaandika mwingine." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Sikiliza, fundi. Watu wanafikiri mimi napenda kuzika. Yule mtoto kila nikifumba macho anasimama mlangoni, haingii. Asiyezikwa hapumziki, na sisi hatupumziki. Niambie neno moja tu. Yu hai au amekufa?"

Stendi ilikuwa na kelele zake zote, honi na majina ya miji. Ajwang alimtazama fundi usoni. Kashindye aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Sijui," alisema.

"Basi kama hujui, ubao wa nini?"

Oyoo aligeuka aende, lakini jicho lake likanasa sehemu ya chini ya ubao, na akasimama. Aliisoma tena.

"Haya ya kamongo nani amekwambia?"

"Nimesoma, mzee."

"Wa ziwani hana shida hiyo, maji yapo. Ni wa kwenye majaruba ya mpunga." Alilihamisha gunia mkono wa pili. "Tulikuwa tunalima wakati wa kiangazi, mimi na baba yake Akelo. Udongo mkavu, unapasuka. Jembe la kaka likapiga, chini ikasikika sauti, kama mtoto analalamika. Tukatupa majembe tukakimbia. Kaka ndiye aliyerudi, akachimbua kwa mikono. Kamongo, mzima! Tulikuwa tumemkanyaga wiki nzima, tunajua ni udongo."

Ajwang aliinamisha kichwa. Yeye kisa hicho alikuwa akikijua. Mumewe alikisimulia kila wageni walipokuja, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Kondakta wa basi la Tarime aliita abiria wa mwisho. Oyoo hakugeuka. Alikuwa akitazama juu, kwenye waya.

"Vile vyeusi ni vyake?"

"Ni vyake."

"Kiatu kisichofuatwa unakitunza mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje."

"Akija ndugu yake akasema huyo hatakuja tena?"

"Nitamwomba ile nusu ya boksi."

Oyoo alisimama pale mpaka basi likarudi nyuma, likageuka, likatoka langoni na vumbi lake. Kisha akaliweka gunia kwenye benchi, taratibu, kama aliyeogopa kuliamsha.

"Nikatie na mimi," alisema.

Kashindye alichukua boksi la sabuni, akaandika namba. Alikata, mkato ukapinda kuliko kawaida. Nusu moja aliifunga kwenye mdomo wa gunia kwa uzi wa viatu. Nyingine Oyoo aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Ajwang alikuwa ameketi, simu mdomoni, akituma ujumbe wa sauti kwa Kijaluo. Fundi hakuelewa kitu, isipokuwa jina la Akelo na mahali fulani katikati, neno kamongo. Alipomaliza alikipangusa kioo kwa leso, akamwonyesha. Tiki moja.

"Umetoka," alisema Kashindye.

"Umetoka," Ajwang aliitikia.

Walipokwenda, mzee na shemejiye, wakishuka njia ya Buswelu bila mzigo, fundi alilisogeza gunia chini ya waya mahali pasipofikiwa na jua. Akavishusha viatu vyeusi. Vumbi la miaka miwili lilikuwa limeganda kwenye mishono, na soli ya kushoto ilianza kuachia. Akafungua kopo la gundi.