Kurefuka kwa Mwanahamisi

Mwanahamisi alikuwa akipepeta mchele uani alipoamua kwenda Yangambi kwa miguu. Mumewe Lukumani, fundi cherehani, alikuwa amechukuliwa na wapiganaji walioteka mji wa Kisangani, kwa kosa la kuwashonea suruali askari wa serikali. Kwenye lango la kambi ya wapiganaji hao aliambiwa wanaume wote wamepelekwa Yangambi kuvuna chikichi. Boti zilikuwa zimesimama. Tangu aolewe hakuwahi kupita soko bila ruhusa, na sasa hapakuwa na wa kumwomba.

Alifuatana na jirani yake Gertrude, wa jamii ya wavuvi wa maporomoko, aliyemtafuta kaka yake Octave, naye aliyechukuliwa. Njia ilikuwa matope na siafu. Malengelenge yalipopasuka Mwanahamisi aliketi akalia, Gertrude akamngoja amalize. Kesho yake kikwembe, kitenge alichojifunga, kilimfika magotini. Walidhani kimenywea kwa mvua. Lakini kwenye mto Lindi mvushaji alimwomba alale chali, mtumbwi usije ukapinduka kwa urefu wake. Gertrude akatoa kikwembe chake cha akiba, wakakiunga pindoni.

Kila alipochoka alirefuka, na alichoka daima. Hofu nayo ilipungua, labda kwa kuwa haikutosha tena kuujaza mwili ule wote. Kwenye kizuizi cha mti uliolazwa njiani, mpiganaji alisema hata warefu hupita chini ya mti. Zamani angeomba radhi. Sasa alimpa yule mpiganaji mzigo amshikie, akatambaa, akapita.

Huko Yangambi, Wenceslas, kamanda wa wapiganaji, aliwaambia, akimenya ndizi, kwamba hakupokea mwanaume yeyote. Mwanahamisi, ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya michikichi, aligeuka akatazama walikotoka. Aliona msitu, akaona Lindi, akauona mji. Kando ya mto Tshopo, si mbali na ua wake, palikuwa na tuta la udongo mpya, na kofia ya Lukumani juu yake, na shati la Octave kando.

"Yaya, unaona nini?" Gertrude aliuliza kutoka chini, akimwita dada.

"Hawakutoka mu mji. Beko mu udongo kule kwetu. Octave naye iko."

Gertrude akaketi palepale njiani. Mwanahamisi aliinama hadi uso wake ukakaribia wa kamanda.

"Bwana yangu muliua Kisangani. Juu ya nini mulitutuma huku?"

"Bon," alisema Wenceslas, bila hasira. "Banamuke balikuwa bengi ku mulango. Ilifaa kubatuma fasi ya mbali."

Walirudi. Kwenye vinamasi alimbeba Gertrude begani, maana miguu ya mwenzake ilikuwa imevimba. Nyumbani mlango haukumpitisha tena, akawa analala uani juu ya mikeka iliyoungwa. Alikwenda kumfukua Lukumani amzike kwa heshima. Walinzi wa wapiganaji wakamzuia kwa bunduki, akarudi, akaenda tena, wakamzuia tena.

Jeshi la serikali lilipouteka tena mji, walinzi walibadilishwa. Wapya nao walimwambia hapakuwa na mtu pale. Baada ya muda wakaanza kuja uani wanawake wengine, waliochukuliwa waume na jeshi lenyewe. Walikuwa wameambiwa waende kuwatafuta Yanonge.

Mwanahamisi aliinama kusikia majina ya waume wao, kisha akainuka taratibu, mgongo ukimuuma. Hakutazama upande wa Yanonge, bali kandokando ya mji.