Matundu ya Msingi

Injinia Sumeya Hassan alifika asubuhi kuikagua nyumba ya maktaba. Kufikia saa sita alipaswa kuandika iwapo ibaki au ibomolewe. Macharia, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, alikuwa tayari na mchoro wa maduka ya ghorofa mbili. Kilonzo, mtunzaji wa nyumba kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa na funguo tu.

Nyumba hiyo ilisimama kwenye mwinuko kati ya Ruiru na Thika. Watu waliiita kwa jina la mlowezi aliyelima kahawa hapo, ingawa walioijenga ni waashi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mawe yalichongwa kwa mkono, yakapangwa hata wembe usipenye. Baada ya karibu miaka mia moja, milango ilikuwa ikifungwa kwa kidole kimoja. Sumeya aliishi mtaa wa Landless mjini Thika, katika jengo la miaka minne ambalo mlango wake hausogei bila kusukumwa kwa bega. Aliufungua mlango wa sebule na kuufunga mara tatu.

"Injinia, unakagua ama unacheza na mlango?" Macharia aliuliza.

"Namkagua fundi wake."

Tatizo lilikuwa sakafu. Katika chumba cha vitabu vya watoto, mbao zilikuwa zimelegea na kunuka uvundo. Sumeya alishuka chini ya sakafu na tochi. Huko alistaajabu. Mihimili ya mtarakwa, mbao ngumu za milimani, ilishikana kwa ndimi zilizochongwa, bila msumari hata mmoja. Hata hivyo, ncha zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza, na udongo ulikuwa na unyevu. Alimulika msingi wote. Ulikuwa jiwe kwa jiwe, bila upenyo.

Alitoka na matope magotini.

"Walijenga vizuri sana, lakini walisahau jambo moja. Sakafu ya mbao inahitaji hewa chini yake. Hii haipati. Tukiweka mbao mpya, zitaoza tena, na tukitoboa msingi huu kuta zitapasuka. Itabidi niandike ibomolewe."

"Si nilisema?" Macharia alicheka. "Hata hao wa zamani walikuwa wanalipua kazi."

Kilonzo alikohoa. Mkataba wake ulisainiwa upya kila Januari, na aliyeusaini ni Macharia.

"Hawakusahau," alisema. "Matundu yalikuwa kumi na mawili. Niliyaziba mimi."

"Wewe?" Sumeya aliuliza.

"Mwaka ule swila alipoingia chini ya rafu za watoto. Nilichukua mawe ya zizi la farasi lililobomoka hapo nyuma, nikayachonga yalingane. Nje nikapiga plasta msingi wote, nikapaka rangi. Sikutaka nyumba ionekane ina viraka."

Sumeya aliutazama tena ukuta. "Mzee, mimi nimesomea kazi hii, na sikuona kitu."

"Kumbe ni wewe umetuozeshea nyumba!" Macharia alifoka. "Na bado uko hapa!"

"Ni mimi, mwenyekiti. Niandikeni mimi. Msiiandike nyumba."

Kilonzo alileta nyundo na tindo. Alipiga hatua nne kutoka pembe ya veranda, akachuchumaa na kugonga. Plasta ilianguka, kisha jiwe likatoka zima, likiwa limekatwa kwa unadhifu kama mengine yote. Hewa baridi yenye harufu ya udongo ilitoka. Ndani ya tundu, waashi walikuwa wameweka wavu wa chuma. Kutu ilikuwa imeula, na hapo ndipo nyoka alipopitia.

Sumeya aliandika akiwa amesimama: nyumba ibaki, mihimili minane ibadilishwe, matundu yote yafunguliwe na kuwekewa wavu mpya.

Macharia alisoma polepole. "Na huyu tumfanye nini?"

"Matundu yamebaki kumi na moja, na yamezibwa kwa ustadi kiasi kwamba siwezi kuyapata. Unamjua mwingine anayeweza?"

Kilonzo alikuwa amekwisha kupita pembe ya nyumba, akihesabu hatua kwa sauti. Macharia alimsikiliza kidogo, kisha akaisaini ripoti.

"Basi ahesabu vizuri," alisema.