Neno la Siri la Machi

Kila siku saa moja asubuhi Asnath alifungua kufuli mbili za ghala la chakula la jeshi, nje kidogo ya Kasulu, akahesabu magunia ya maharage kwa kidole. Jumatatu hiyo alikuwa amefika safu ya nne filimbi ilipolia getini.

Askari kumi na tisa walikuwa wamepanga foleni, mestini, bakuli zao za bati, mkononi. Ni wale waliokufa vitani ng'ambo ya mpaka mwezi Machi, ambao majina yao yalisomwa kanisani.

"Neno la siri?" aliuliza Sajini Nurudini.

"Mhogo," alijibu wa mbele.

"Hilo la Machi. Tumeshabadilisha."

"Afande, huko tuliko nani atutangazie?"

"Basi geukeni. Hapa hapaingiwi kwa neno lililochacha."

Wakacheka, naye akacheka. Hawakuondoka.

Wa saba alikuwa Castory, mdogo wake Asnath. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari.

"Mwakeye, dada," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Umekonda."

"Kidogo."

Mwezi Machi redio ya kikosi chao iliomba chakula kutoka ng'ambo siku kumi na moja mfululizo. Malori yalikuwa tayari, madereva wamelala chini yake. Lakini kwa kuhofia wezi na majasusi, gunia halikutoka bila saini ya meja, mkuu wa ghala, na meja alikuwa Dodoma kwenye semina ya ulinzi wa maghala. Hakuna kilichoibiwa. Cheti cha ulinzi bora kilitundikwa juu ya mlango.

Meja alitoka, akaitazama foleni, akaamuru iongezwe kufuli ya tatu.

Tangu hapo walikuja kila asubuhi. Kina mama waliopeleka ndizi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walizoea kuwapitia pembeni. Sajini aliuliza neno, wakajibu mhogo, akawakatalia. Asnath alisogea kwenye waya, akamwambia mdogo wake kwamba amekonda, kisha akarudi kuhesabu.

Ijumaa Asnath hakurudi kuhesabu. Alishika waya kwa mikono miwili. Maharage yalikuwa yamejaa nyuma yake hadi darini.

"Dada, utachelewa kazini," alisema Castory.

"Castory."

"Naam."

"Funguo nilikuwa nazo mimi. Siku zote kumi na moja, zilikuwa mfukoni mwangu, na jioni nilikwenda nyumbani nikala."